Jibu: Chakula cha Bangladesh, uanze na kipi?

Ndugu, umeuliza kama chakula cha Bangladesh ni kilekile cha India, na mgeni aanze na nini. Vina undugu, hasa na Bengal Magharibi, jimbo la India linalopakana nao, lakini Bangladesh ni nchi ya mito, na msingi wa chakula chao ni wali na samaki.

Anza na ilish, samaki wao wa taifa. Anayevuliwa mto Padma ndiye anayesifiwa zaidi. Mpate aliyepikwa kwa haradali ya kusaga na pilipili mbichi. Ana miiba myembamba mingi mno, kwa hiyo mle kwa vidole, taratibu.

Kule Sylhet, kaskazini-mashariki mwa nchi, nyama ya ng'ombe hupikwa na shatkora, tunda la jamii ya ndimu lenye ganda nene. Uchungu wake hukata mafuta vizuri sana. Watu wa Chittagong, mji wa bandari, wao ni nyama ya mezban, yaani ya karamu, yenye pilipili kali, na samaki wakavu, shutki.

Ila ukifika Dhaka ya zamani, mitaa ya kale ya mji mkuu, tafuta biriani ya kacchi. Pwani kwetu tumezoea masala kando, wali kando. Kacchi ni nyama mbichi ya mbuzi, iliyolala kwenye mtindi na viungo, inapangwa chini ya sufuria pamoja na viazi, juu wali ulioiva nusu, kisha kifuniko kinazibwa kwa unga uliokandwa. Mpishi hafunui kuangalia! Kwangu mimi hapo ndipo ufundi unapoonekana.

Na ukipenda kitamu, usiikose doi ya mji wa Bogura, mtindi mtamu unaogandishwa kwenye vyungu vya udongo.