Uliza Ujibiwe: Hizi kanuni za Marekani zinatulinda au zinatumaliza?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nipo Columbus, Ohio, nina lori moja na treila lake. Mwaka jana nilitoka kwenye kampuni ya watu nikafungua MC namba yangu mwenyewe, yaani kibali cha serikali cha kubeba mizigo ya watu, nikadhani nitapumua, kumbe ndo naingia kwenye makaratasi. Bima peke yake nalipa dola 1,400 kwa mwezi na sijawahi hata kukwaruza gari ya mtu. Logi ya elektroniki, hii mashine ya kurekodi masaa ya kuendesha, inanihesabia kila dakika. Jamaa zangu kwenye grupu la WhatsApp wanasema serikali ikitoka kwenye biashara zetu tutatajirika, mke wangu anasema bila hizo kanuni ningeshakufa barabarani. Nani yuko sahihi? (Baba Neema)

JIBU: Baba Neema salamu zimefika. Mkeo nampa haki kwa sehemu kubwa, na grupu lenu nalo limeona kitu cha kweli ila limekipa jina lisilo lake. Mimi nimeshika usukani miaka sita, Laredo kwenda Dallas na kurudi, kule Texas, kabla sijarudi nyumbani kuandika hizi kurasa, kwa hiyo haya ni mambo niliyoyalalia na kuyaamkia kwenye kibanda cha lori.

Tuanze na hiyo MC namba yako. Unajua kwamba kabla ya 1980 wewe na lori lako moja mngehangaika sana kuipata? Tangu sheria ya 1935 malori ya kubeba mizigo ya watu toka jimbo hadi jimbo yalikuwa chini ya tume iliyoitwa Interstate Commerce Commission, na ukitaka kuingia ilibidi uithibitishie tume kwamba wananchi wanakuhitaji, halafu kampuni ambazo tayari zipo kwenye njia ile zinaruhusiwa kuja kukupinga, zinasema sisi tunatosha, huyu wa nini. Kibali chenyewe kinakwambia ubebe nini na upite wapi. Bei kampuni zinakaa pamoja zinapanga na serikali inabariki. Watu walikuwa wanauziana vile vibali kwa hela nyingi kama mtu anavyouza kiwanja cha mjini. Rais Jimmy Carter akasaini sheria Julai 1980 iliyofungua ule mlango, na kufika 1990 idadi ya kampuni za malori ilikuwa imezidi maradufu.

Sasa sikiliza nani alipinga ile sheria: chama cha wenye kampuni za malori, pamoja na Teamsters, chama cha madereva, wote upande mmoja. Yaani wafanyabiashara wenyewe ndo walikuwa wanaing'ang'ania kanuni ya serikali, kwa sababu ilikuwa inawakinga na mtu kama wewe. Ndo maana mtu akiniambia kanuni zinaumiza biashara mimi namuuliza kwanza biashara ya nani, ya aliyeko ndani au ya aliyeko nje anagonga? Ila sitakuficha, mlango ulipofunguka mishahara ya madereva wengi ilishuka, na wapo familia mpaka leo hawajasahau.

Tuje kwenye logi, hapa ndo pananiuma. Masaa 11 ya kuendesha, yote yaishe ndani ya masaa 14 tangu uanze kazi, halafu upumzike masaa 10. Siku moja nimeanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, saa moja nipo getini kwa ghala moja pale Laredo, miadi yangu saa mbili, wamekuja kunipakia saa nane mchana. Nimebakiwa na masaa sita na Dallas ni maili kama 430, hesabu haifiki hata ukiomba. Broka, yule dalali anayetutafutia mizigo, akanipigia simu akasema mzigo ufike usiku huo huo au nisimtafute tena. Enzi za logi ya karatasi ningeandika uongo nikaenda, na niliwahi kufanya hivyo, usiku mmoja nikasinzia nikaja kushtuliwa na matairi yanalia kwenye yale matuta ya pembeni ya barabara, nikapaki nikatetemeka mpaka kumekucha. Lakini hii siku mashine ilikuwa ishafungwa, hizi za elektroniki zililazimishwa Desemba 2017, nikamwambia broka siwezi, logi imeisha. Akatukana, akakata simu. Nikalala karibu na Waco, asubuhi nikafikisha mzigo nikiwa hai.

Mwenye lori moja hana ubavu wa kumwambia broka "siwezi". Kampuni yenye malori elfu inaweza, ina wanasheria, ina mizigo mingine kumi. Wewe na mimi lile neno tumepewa na kanuni, na ukiiondoa kesho hutabaki na uhuru wowote, utabaki na yule broka na simu yake saa nne usiku, na jirani yako ambaye yuko tayari kuendesha masaa 18 ndo atachukua mzigo wako kwa bei ya chini.

Kosa la hii kanuni ni kwamba imemfunga mtu asiyeshika muda. Aliyenichelewesha ni ghala, ile saa ya 14 inaendelea kula nikiwa nimekaa tu sifanyi kitu, malipo yangu ni kwa maili, na ghala haliulizwi na mtu. Mngekuwa mnapigania hili kwenye grupu ningewaunga mkono kwa mikono miwili: saa isimame ukiwa unasubiri, au anayekusubirisha alipe. Hilo ni tofauti na kusema serikali itoke.

Hela ya bima nayo, angalia vizuri inatoka wapi. Serikali ya federal inataka bima ya dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida na hicho kiwango hakijapanda tangu miaka ya 1980, anayekutaka uwe na milioni moja mara nyingi ni broka kwenye mkataba wake. Na bei unayolipa anaipanga mwenye kampuni ya bima kwa sababu kibali chako ni kichanga, hana historia ya kukupima. Ukikaa miaka miwili mitatu bila ajali wala makosa ya ukaguzi anza kuwabana wakupunguzie, tafuta bei kwa wakala zaidi ya mmoja.

Kuna kanuni moja nataka uijue maana iko upande wako na karibu haitumiki. Inakupa haki ya kuona karatasi za broka, mteja kalipa ngapi na wewe umepewa ngapi. Lakini brokas wengi wanakusainisha kwenye mkataba kwamba umeiachia hiyo haki, basi imekufa. Mei 2020 bei za mizigo zilipoanguka na korona, madereva wenye malori yao walikwenda kupaki Washington, kwenye Constitution Avenue, wiki kadhaa, wanapiga honi, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa hili la broka kuonyesha hesabu. Watu wale wale ambao siku zote wanalalamikia kanuni walikuwa wanaiomba serikali isimamie kanuni. Mimi sioni kigeugeu hapo, walikuwa wanajua ipi inawabeba na ipi inawakalia.

Ndo maana sipendi huu mtindo wa kuzihesabu kwa idadi. 2017 Trump aliagiza kila kanuni mpya moja zifutwe mbili, Januari 2025 akasema kumi. Kumi zipi? Zile kumi zikiwa za fomu unazojaza usiku juu ya usukani wakati kampuni kubwa ina ofisi nzima ya kuzijaza, nashukuru kabisa, hapo grupu lenu lina haki na ni mzigo wa kweli kwa mtu mdogo. Lakini ikiwemo ile inayomkataza broka au ghala kukulazimisha uvunje masaa, umeibiwa. Ipo tangu Januari 2016: mtu akikulazimisha na ukamwambia wazi kwamba utavunja sheria, una siku 90 za kumshtaki FMCSA, ile idara ya federal inayosimamia usalama wa malori. Tunza meseji zote, usifute hata moja.

Na la Kiingereza maana wengi mmeniuliza. Ile kanuni ya dereva wa lori kujua Kiingereza ni ya zamani sana, 2016 wakaguzi waliambiwa wasimsimamishe dereva kwa sababu hiyo peke yake, amri ya Trump ya Aprili 2025 ikairudisha na tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva anaweza kuteremshwa palepale. Kusoma vibao ni haki kabisa, roho za watu zipo pale. Lakini jifunzeni kujibu kwa mdomo pia, unatoka wapi unabeba nini umeanza saa ngapi, fanyeni mazoezi nyumbani na watoto wanaosoma shule za huko, msisubiri kufika kwenye mizani.

SWALI: Shikamoo kaka. Nasuka nywele Houston na hapa sidaiwi leseni, ila mdogo wangu kwenye jimbo lake ameambiwa asome kozi ya saluni masaa mengi ndo aruhusiwe kusuka. Kusuka tumefundishwa na bibi. Hii ni haki kweli? (Mama Aisha)

JIBU: Marahaba dada. Si haki, na nasema bila kuzunguka. Wewe mwenyewe hudaiwi kwa sababu mwanamke mmoja msusi wa hapo hapo Texas aliipeleka serikali mahakamani: akitaka kufundisha kusuka walimtaka awe na viti kumi vya kinyozi na masinki, wakati msusi hahitaji hata sinki moja. Akashinda, na 2015 jimbo likafuta leseni ya kusuka. Utah kulikuwa na mama mzaliwa wa Sierra Leone, walimtaka asome karibu masaa 2,000, karibu yote ni dawa za nywele, mkasi na mengine ambayo yeye hayagusi, jaji wa federal akasema 2012 kwamba kwake hilo linavunja katiba.

Hizi leseni zimeota kila mahali, mwanzoni mwa miaka ya 1950 chini ya asilimia 5 ya wafanyakazi Marekani walihitaji leseni ya jimbo, kufika 2008 ni kama robo. Daktari sawa, fundi umeme sawa. Ila ukiangalia bodi za saluni mara nyingi waliokaa pale ni wenye saluni na wenye shule, na mteja hayupo. Mdogo wako asianze kulipa ada, kwanza aombe bodi ya jimbo imwandikie kama kusuka tu bila dawa kuna msamaha, majimbo mengi yameshatoa na watu hawajui. Usafi wa vifaa auzingatie hata wasipomuuliza.

SWALI: Tuna mdahalo chuoni Dodoma wiki ijayo, nimepangiwa kutetea kwamba kanuni zimesaidia biashara za Marekani. Nipe mfano mmoja mzito. (Mwanafunzi, mwaka wa pili)

JIBU: Mdogo wangu usianze na benki, kila mtu ataanza na benki. Anza na nyama ya nguruwe. Kuanzia 1879 na kuingia miaka ya 1880 Italia, Ujerumani, Ufaransa na wengine walipiga marufuku nguruwe wa Marekani, wakisema ana minyoo ya trichina. Wakulima wa kule wenyewe walifurahi kupunguziwa mshindani, hilo nalo litaje kabla mpinzani wako hajalitaja. Wenye viwanda vya Chicago wakawa na nyama na hawana pa kuiuza, na kila mmoja akiapa nyama yake ni safi Ulaya hawamsikilizi, maana muuzaji hawezi kujishuhudia. Kilichowatoa ni ukaguzi wa serikali: Bunge la Marekani lilipitisha sheria 1890 na 1891, nyama ya kwenda nje ikawa inakaguliwa na kupigwa muhuri wa serikali, na mwaka ule ule wa 1891 Ujerumani, Italia na Ufaransa zikafungua milango. Wakikuuliza nani alilipia wale wakaguzi, jibu ni serikali, wala si wenye viwanda.