Kwa nini mtambo wa upepo usijizime gridi inapopata shoti?

SWALI: Mimi ni fundi umeme, Tabata. Volti ikishuka ghafla nyumbani, tunachomoa friji isiungue. Kwa nini mitambo ya upepo inatakiwa ibaki kwenye gridi wakati wa shoti?

JIBU: Ndugu fundi, friji inakula umeme, kwa hiyo ukiichomoa gridi inapata nafuu, lakini mtambo unalisha, na mitambo mingi ikijitoa kwa pamoja, shoti ya laini moja inaweza kuzima mkoa mzima. Ndiyo maana kanuni za Ujerumani za mwaka 2007 ziliitaka mitambo ivumilie volti iliyofika sifuri kwa milisekunde 150, yaani mizunguko saba na nusu ya umeme wa hezi 50 kama wetu, muda unaozitosha breka kuitenga laini yenye hitilafu.

Ugumu uko hapa: volti ikianguka, umeme hauna pa kutokea, ilhali upepo unaendelea kusukuma mapanga. Katika mitambo ambayo steta (sehemu ya jenereta isiyozunguka) imeungwa moja kwa moja na gridi na rota (sehemu inayozunguka) inapitia konveta (kifaa cha elektroniki kinachobadili umeme uendane na gridi), mkondo mkubwa huzuka kwenye rota na unaweza kuichoma konveta hiyo, ambayo kwa kawaida hubeba takriban asilimia 30 tu ya uwezo wa mtambo. Dawa ya zamani ilikuwa kuifunga rota kwenye rezista, kifaa kinachogeuza umeme kuwa joto. Konveta hupona, lakini kwa kitambo hicho jenereta hugeuka kuwa mota ya kawaida kwa tabia, ikinyonya nguvu riaktivu (ile isiyofanya kazi yenyewe lakini inayosaidia kushikilia volti) na kuizidishia gridi ugonjwa. Mimi napendelea konveta inayobeba umeme wote: nishati ya ziada inachomwa kwenye rezista za upande wa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) ndani ya konveta, mapanga yanageuzwa yasikamate upepo mwingi, na konveta inaendelea kupeleka mkondo riaktivu wa kuinua volti.

Jambo linalosahaulika ni idadi ya mishtuko. Tarehe 28 Septemba 2016, jimbo la South Australia lilizimika lote baada ya dhoruba kuangusha nguzo za laini kubwa. Volti ilishuka mara sita ndani ya dakika mbili, na mashamba tisa ya upepo, yaliyostahimili mishuko ya mwanzo, yakapunguza megawati 456 kwa muda usiofika sekunde saba, kwa sababu programu zake zilikuwa na kikomo cha mishuko ya kuvumilia, kikomo ambacho waendeshaji wa gridi hawakukijua. Kwa hiyo ukiitwa kukagua mtambo, omba uoneshwe namba hiyo kwenye mipangilio kabla ya kitu kingine.