Mama Anapoomba Kuzalia Majini: Ushauri kwa Mkunga Mgeni wa Malindi

Ukipangiwa kazi ya leba hapa Malindi, iwe hospitali ya serikali au ya kibinafsi, hautapita muda mrefu kabla ya mama mjamzito kukuuliza habari ya kuzalia majini. Wengine wameona video kwenye simu, wengine wamesimuliwa na jamaa walioolewa Ulaya, na wengine ni wageni waliohamia mji huu. Usimcheke, wala usimkubalie papo hapo. Muulize kwanza anayataka maji kwa ajili gani, kwa sababu mambo mawili huchanganywa hapa: kukaa majini wakati wa uchungu, na kumzaa mtoto ndani ya maji.

Jambo la kwanza lina ushahidi mzuri. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 15 yenye wanawake zaidi ya 3,600, yalionyesha kwamba kukaa katika maji ya uvuguvugu katika hatua ya kwanza ya uchungu huenda kukapunguza haja ya ganzi ya mgongoni, bila dalili ya kumdhuru mama wala mtoto. Katika wadi zetu nyingi ganzi hiyo haipatikani kwa uzazi wa kawaida, na ndiyo maana mimi huyathamini maji kuliko wenzangu wengi. Pasipo na beseni, hata kumwagia mama maji kiunoni kwa kata huku ameegemea ukuta wa bafu humpa nafuu.

Hapo ndipo utakapokutana na mavyaa wa mzazi, amefika na sufuria inayofuka mvuke, akidhani ni yale maji ya kumkanda mzazi. Mshukuru kwa heshima, kisha umweleze kwamba kukanda kuna wakati wake baada ya kujifungua. Mama akipata joto kupita kiasi, moyo wa mtoto tumboni huenda mbio, kwa hiyo miongozo ya Uingereza inataka maji yasizidi nyuzi 37.5 na yapimwe kila saa, pamoja na joto la mama mwenyewe. Tumia kipimajoto, mkono uliozoea jua la Malindi haupimi chochote.

Kuzaa ndani ya maji ni shauri jingine. Daktari Michel Odent wa Ufaransa aliandika mwaka 1983 kuhusu watoto 100 waliozaliwa hivyo katika hospitali ya Pithiviers, na tangu hapo wataalamu hawajaafikiana. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba mtoto azaliwe nje ya maji. Utafiti mkubwa wa Uingereza, uliotumia kumbukumbu za 2015 hadi 2022, ulikuta kwamba kwa wanawake wasio na matatizo, waliozalia majini hawakupata michaniko mikubwa wala vifo vya watoto zaidi ya wale waliotoka majini kabla ya kuzaa. Usomapo matokeo hayo, kumbuka yametoka mahali ambapo mkunga amefunzwa kazi hiyo, na mama hahitaji kuvushwa bahari ili afike chumba cha upasuaji, kama aliyeko Faza au Kiunga kule Lamu.

Mimba ya chini ya wiki 37, mapacha, mtoto aliyetanguliza makalio, shinikizo la damu, kifafa, homa, kutokwa na damu, maji ya uzazi yaliyogeuka kijani: yoyote kati ya hayo yamfanya mama abaki nchi kavu, na hapo hakuna mjadala.

Swali litakaloulizwa na kila mume ni kwa nini mtoto hazami. Mtoto mwenye afya havuti pumzi mpaka uso wake ukutane na hewa, na bado anapata oksijeni kupitia kitovu. Lakini mtoto aliyekwisha kukosa oksijeni tumboni hutweta popote alipo, hata chini ya maji. Kwa hiyo usalama wote unategemea kuusikiliza moyo wake: kila dakika 15 katika hatua ya kwanza, kila dakika 5 mama anaposukuma. Kama huna kifaa kisichoingia maji, mwambie mama ainue tumbo juu ya maji baada ya kila uchungu usikilize dakika nzima. Mapigo yakibadilika, mama atoke mara moja. Mtoto azaliwe mwili wote chini ya maji na ainuliwe taratibu bila kuvutwa kitovu, ambacho hukatika majini mara nyingi zaidi kuliko kitandani. Uso ukishatoka hewani, usirudi chini.

Sasa maji yenyewe. Mji wetu unategemea mabomba ya Baricho, na yakikatika watu hutumia ya tangi au ya kisima cha chumvi. Katika jimbo la Arizona, Marekani, watoto wawili waliozaliwa majini mwaka 2016 waliugua kwa Legionella, bakteria wa majini wanaoshambulia mapafu, na mmoja wao alizaliwa katika maji yaliyokaa wiki 2 yakipashwa moto. Beseni lijazwe uchungu ukishaanza, si kabla. Na anayekuomba azalie baharini, mwambie hapana: maji ya bahari ni baridi kwa kichanga hata mwezi wa Machi, mbali na mchanga na uchafu.

Mtoto akishatoka, mimi humtoa mama majini kabla ya kondo la nyuma, na sitaki ubishi juu ya hilo. Damu ndani ya maji haipimiki. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2023, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi nne, yalionyesha kwamba mfuko wa plastiki wenye vipimo uliowekwa chini ya mzazi, pamoja na matibabu ya haraka, ulipunguza madhara makubwa ya kutokwa na damu kwa asilimia 60. Mfuko huo haufanyi kazi kwenye beseni. Andaa mapema kitanda kikavu, oksitosini (dawa ya kukaza kizazi ili damu isitoke nyingi) uniti 10, taulo za moto za mtoto, na watu wawili wa kumshika mama anapovuka ukingo wa beseni, kwa kuwa sakafu itakuwa imelowa.