Sukari, saratani na mgonjwa anayekondeshwa bure

Hapa Mombasa mtu akishaambiwa ana saratani, mahamri huondolewa mezani na chai ikaanza kuletwa bila sukari. Hoja ni kwamba saratani hula sukari, basi ikikosa itakufa. Kwamba inakula ni kweli. Kwamba itakufa, hapo ndipo wagonjwa wanapokondeshwa.

Katika miaka ya 1920, Mjerumani Otto Warburg aliona kuwa uvimbe huvunja sukari kwa wingi na kutoa asidi ya laktiki hata penye oksijeni. Alidhani mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, zimeharibika. Mara nyingi ni nzima. Zilizoharibika ni amri. Seli ya misuli hungoja insulini ibishe hodi: protini iitwayo PI3K huiamsha nyingine iitwayo AKT, nayo AKT husogeza milango ya sukari hadi kwenye utando wa seli. Protini ya PTEN ndiyo breki. Katika saratani nyingi PI3K haizimiki au PTEN imepotea, na amri ya kuvuta sukari haikomi, insulini ije isije. Mgonjwa akinyimwa chakula, ini humwaga akiba yake, kisha hutengeneza sukari kwa protini za misuli. Uvimbe unapata, misuli inaisha.

Halafu kuna seli shina za saratani. Ni chache, nyingi hugawanyika polepole, na ndizo hudhaniwa kurudisha ugonjwa baada ya dawa. Hizi hazichagui kuni. Sukari ikipungua, zinaweza kuchoma mafuta, glutamini (kijenzi cha protini), hata laktiki iliyotupwa na seli jirani. Katika leukemia kali ya mailoidi, ambayo ni saratani ya damu, hutegemea sana mitokondria, na dawa za venetoclax na azacitidine zikitumiwa pamoja huzipiga hapo kwenye mitokondria. Chai chungu haifiki huko.

Kwa hiyo mpeni chakula. Mgonjwa wa kilo 60 kwa kawaida huhitaji protini gramu 60 hadi 90 kwa siku, isipokuwa figo zake zina shida: samaki, mayai, mbaazi za nazi. Mpimeni kila wiki kwa mizani ileile. Akipungua kilo 3 bila kukusudia, daktari aambiwe kabla ya dozi inayofuata. Mwenye kisukari aendelee na mpango wake wa kila siku.

Mahali ambapo sukari hukatazwa kwa sababu ya maana ni kipimo cha PET, picha ya kutafuta saratani mwilini, ambacho wengi wetu hukifuata Nairobi. Mgonjwa hudungwa sukari ya glukosi yenye mionzi, na panapoivuta sana hung'aa. Kwa kawaida hufunga saa 6, maji matupu tu. Madafu na peremende ni chakula. Siku moja kabla asibebe mizigo, maana misuli iliyochoka nayo hung'aa. Vituo vingi hutaka sukari ya damu iwe chini ya milimoli 11 kwa lita, lakini kuishusha kwa insulini ya haraka dakika za mwisho hufungua milango ya misuli na picha huharibika. Metformin, dawa ya kisukari, nayo hung'arisha matumbo, kwa hiyo kituo kiulizwe mapema kuhusu dawa zote mbili.

Na sweta! Mtu wa Pwani akipigwa na baridi ya Julai ya Nairobi, mafuta ya kahawia ya shingoni, yale ya kuupasha mwili joto, huchoma sukari na kuonekana kama tezi zenye ugonjwa. Avae tangu safarini. Nguvu ya glukosi ile ya mionzi hupungua nusu kila dakika 110, na aliyechelewa huenda akaambiwa arudi siku nyingine. Fikeni Nairobi jana yake.