Squid inazima yenyewe diski ikijaa: anza na logi kabla ya kugusa kashe

Mkuu, umesema Squid yako (programu ya proksi, inayopitisha maombi ya watumiaji kwenda mtandaoni) inazima yenyewe, ukiiwasha inakaa kidogo inazima tena, na cache.log, logi ya matukio ya Squid yenyewe, inaandika "No space left on device". Wengi watakwambia ufute kashe yote, yaani nakala za kurasa ambazo Squid imezihifadhi kwenye diski. Usikimbilie huko. Nimehudumia seva za proksi kwa miaka, na mara nyingi kinachojaza diski ni access.log, logi ya maombi ya watumiaji.

Kashe ina breki. Ikifika asilimia 90 ya ukubwa uliouandika kwenye cache_dir (mstari wa kashe ndani ya squid.conf, faili ya mipangilio), Squid huanza kuondoa vitu vya zamani, na ikikaribia 95 huongeza kasi. Logi haina breki: kila ombi la kila mtumiaji ni mstari mpya, usiku na mchana. Tena Squid ikishindwa kuandika kwenye access.log, kwa kawaida huzima kwa makusudi, ndiyo maana kuiwasha tena hakusaidii. Hiyo logfile_rotate 10 unayoiona kwenye squid.conf haizungushi chochote. Inasema tu zitunzwe nakala ngapi. Lazima cron au logrotate (programu za kuendesha kazi kwa ratiba) iite squid -k rotate, amri ya kufunga logi ya sasa na kuanza mpya, la sivyo faili itakua mpaka diski iishe.

Piga df -h, kisha du -sh /var/log/squid /var/spool/squid, utamjua mlaji. Kama df -h inaonyesha nafasi ipo, angalia df -i: kashe ni faili ndogondogo nyingi mno, na inodi (kila faili hutumia moja, na idadi yake ina kikomo) zinaweza kuisha kabla ya gigabaiti. Usishangae pia wewe kama root (msimamizi mkuu wa mfumo) ukiweza kuandika huku Squid inakataliwa, maana ext4, mfumo wa faili wa Linux, kwa kawaida humtengea root asilimia 5 ya diski.

Squid ikiwa bado inatembea, usiifute access.log kwa rm. Jina litatoweka, ila nafasi hairudi mpaka Squid iifunge faili hiyo (lsof +L1 huzionyesha faili za namna hii). Tumia truncate -s 0, inayoiacha faili tupu bila kuifuta, na kama mnatakiwa kutunza logi, hamisha nakala kwanza.

Kwenye cache_dir, namba ya kwanza ni megabaiti. Usiweke ukubwa wote wa diski. Punguza asilimia 20, kwa sababu swap.state (orodha ya vilivyomo kwenye kashe) na mfumo wa faili nao wanahitaji nafasi. Na kwa maoni yangu /var/log/squid inastahili partisheni yake (sehemu ya diski iliyotengwa), isije ikajaa ikaiangusha seva nzima.

Ikizima tena baada ya hapo, weka hapa majibu ya df zote mbili na mstari wako wa cache_dir tuangalie.