Tuulize: Maharage yanaisha, faida haionekani

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni karani hapa Mbeya, natoka ofisini saa 10 jioni. Ili kuongezea mshahara nachemsha maharage na kuwauzia wanachuo na wapangaji wa Iyunga. Kilo 4 nanunua 10,000, mkaa wa 3,000, bakuli nauza 500. Kila jioni yanaisha, lakini nabaki na 2,000 tu. Niache nitafute kibarua kingine? (Dada wa Iyunga)

JIBU: Usiache, dada. Mzigo unaoisha kila jioni hauna shida ya wateja. Shida iko jikoni na kwenye kipimo.

Kilo 4 kavu zikiiva hufika kama kilo 9. Ukipima robo kilo kwa kila bakuli, unapata mabakuli 36, yaani 18,000. Kwa hesabu yako unauza 30. Sita yanaondoka kwenye kile kilima unachojaza juu. Nyongeza ni desturi ya soko, hatukukatazi, ila pima kwanza usawa wa mdomo wa bakuli, kisha ongeza kijiko kimoja, vyote pamoja visizidi robo kilo.

Sasa mkaa. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 kama Dar es Salaam. Hata ukijaza jiko mkaa, maji hayazidi hapo, yanakauka tu. Ndiyo maana muda wa kupika unaosimuliwa na watu wa pwani hautakufaa.

Kinachookoa ni kuloweka. Kabla ya kwenda kazini, saa 12 asubuhi, osha maharage na uyaloweke katika maji mara tatu ya ujazo wake. Juni na Julai tumia maji ya uvuguvugu, maana kwenye baridi hunywa maji polepole. Ukirudi mwaga maji hayo, weka mapya, funika vizuri, na yakishachemka punguza moto. Mkaa unaweza kushuka hadi nusu. Hapo hesabu inakuwa 18,000 toa 10,000 toa 1,500: unabaki na 6,500.

Usichanganye maharage aina ya kablanketi na ya njano sufuria moja; moja litapasuka huku jingine bado gumu. Sokoni Mwanjelwa uliza ni ya msimu gani, na kabla ya kuchukua gunia nunua kilo moja ujaribu. Yakiwa bado yamejikunja baada ya kulowekwa kutwa nzima, ni ya zamani, yatakula mkaa. Magadi huharakisha, lakini yakizidi maharage huwa meusi, yanarojeka na kuwa na ladha ya sabuni. Nyanya zisubiri hadi yalainike, kwa kuwa uchachu wake huyafanya magumu. Ukinunua sufuria la presha, usipite nusu yake: povu huziba tundu la mvuke.

Yakibaki, yapoze kwenye beseni pana, kisha kesho yachemshe upya kabla ya kuuza. Ukiyafunika ya moto kwenye ndoo, asubuhi yamechacha.

SWALI: Nina pikipiki. Nimpe kijana kwa hesabu ya siku au kwa mkataba? (Baba wa Uyole)

JIBU: Mzee wetu, kwa hesabu ya siku chombo ni chako na matengenezo ni yako, dereva hana sababu ya kukihurumia kwenye milima hii, na breki na klachi huisha mapema. Kwa mkataba anarejesha kila wiki hadi kiwe chake, hivyo oili anamwaga mwenyewe bila kukumbushwa. Sisi tungechagua mkataba. Uandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, uwe na nakala za kitambulisho cha NIDA na leseni yake, na useme wazi akikosa wiki mbili inakuwaje. Kadi ibaki kwako mpaka amalize. Kumbuka bima ndogo hulipa madhara ya watu wengine tu. Pikipiki ikiibwa hulipwi.

SWALI: Nimepata kazi ya kuchapa maandishi kwa simu, mshahara 400,000. Wanataka 30,000 ya usajili kwanza. Nitume? (Kijana wa Iringa)

JIBU: Usitume. Ukituma, kesho watadai ya mafunzo, keshokutwa ya kufungua akaunti. Namba iliyokutumia ujumbe huo ipeleke 15040, namba ya bure ya kuripoti matapeli.