Kabla ya kuuliza bei, tazama pini

Kitabu changu cha kwanza cha askari nilikiharibu mwenyewe, tena kwa nia njema. Nilikiokota kwenye boksi la vitabu chakavu, uani kwa watu waliokuwa wakiuza vitu vyao vya nyumbani hapa Marekani. Chembamba, kipana kuliko urefu wake, kinaingia mfukoni. Pini za chuma zilizokishika zilikuwa zimeota kutu, nikaona nizing'oe niweke mpya. Ya kwanza ilitoka na karatasi zake, zikapukutika mapajani kama majani makavu.

Vitabu hivi, kwa Kiingereza Armed Services Editions, vilitolewa kati ya 1943 na 1947 kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani; raia hawakuuziwa. Ni matoleo 1,322, nakala zaidi ya milioni 120. Vingi vilichapwa kwenye mitambo ya majarida, viwili kwa mpigo, kimoja juu ya mwenzake, halafu vikakatwa katikati. Ndiyo asili ya lile umbo la kulala na maandishi ya safu mbili. Karatasi yenyewe duni. Nani alifikiri ingefika miaka 80?

Kwa hiyo ukitaka kununua, anza na pini. Kutu ikiwa imebaki kwenye chuma, si neno. Ikishahamia kwenye karatasi, kirudishe taratibu. Usikilaze wazi mezani. Kifungue nusu tu, usikilize kama kinalia. Kinuse pia, maana harufu ya ukungu haitoki. Chenye selotepu mimi sikigusi hata kwa bure.

Jaladani kuna namba yenye herufi, kuanzia A-1. Wageni hukimbilia za mwanzo. Mimi nakushauri uvizie za mwishoni, zile zilizosimama wima kama vitabu vya kawaida: Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, askari wengi wamerudi makwao, nakala zikapunguzwa sana. Wala jina kubwa lisikutie kiwewe. Riwaya maarufu ya *The Great Gatsby* peke yake ilichapwa nakala 155,000.

Kile nilichokivunja ninacho bado, kwenye bahasha. Ndani ya jalada la nyuma mtu aliandika hesabu kwa penseli, safu mbili za namba, moja imekatwa kwa hasira. Nadhani askari walikuwa wakicheza karata. Wauzaji huziita alama kama hizo kasoro na kupunguza bei. Huwa sibishani nao. Nalipa, naondoka.